Kufuga matumbawe laini Mombasa: anza na feni, taa baadaye

Mimi ni fundi wa friji na AC, nakaa Kisauni. Mambo ya matumbawe niliyaingia bila kukusudia. Mwaka 2015 niliitwa nyumba moja ya Nyali kutengeneza mashine ya kupoza maji, nami nikabeba vifaa vyangu nikidhani ni maji ya kunywa. Kumbe ni ya tangi la samaki, kubwa kama kitanda, na ndani yake vitu vinapepea kama nguo kwenye kamba. Mwenye nyumba alikuwa anahama nchi. Siku ya mwisho akanipa ndoo yenye kipande kimoja cha tumbawe, kikubwa kama kiganja cha mtoto. "Kifuge au kife mikononi mwako," akaniambia, "lakini usikitupe baharini." Kile kipande kingali hai. Watoto wake wako kwenye matangi ya watu sita ninaowajua.

Kila mwongozo niliousoma baada ya hapo uliandikwa na mtu wa nchi ya baridi. Wote wanaanza na hita. Mimi hita sijawahi kununua, na wewe wa Mombasa usinunue.

Adui wa kwanza ni joto

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, na mwani huo ndio unaompikia: unachukua mwanga, unatengeneza chakula, mwenye nyumba anakula. Maji yakizidi joto ule ushirika unavunjika. Tumbawe linautapika mwani wake, linabaki jeupe, na lisipoupata tena linakufa kwa njaa. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipopita Bahari ya Hindi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa hivyohivyo. Ikiwa bahari nzima ilishindwa, tangi lako la sebuleni halihitaji hata wiki, mchana mmoja wa mwezi wa tatu unatosha.

Lenga nyuzi 25 hadi 27. Ishirini na nane zikitulia hazina neno kwa haya matumbawe laini ya kuanzia, yaani yale yasiyojenga mifupa ya mawe. Zikifika 30 usilale. Na kupanda-kushuka ni kubaya kuliko kiwango chenyewe, kwa hiyo weka kipimajoto ndani ya maji na ukisome asubuhi na saa tisa mchana, kwa wiki mbili, kabla hujaweka kiumbe chochote. Hapo ndipo utaijua nyumba yako. Mimi niligundua kwamba ukuta wangu wa magharibi unatoa joto hadi saa mbili usiku, nikalihamisha tangi kabla halijajazwa. Likishajazwa halihamishiki: langu ni sentimita 100 kwa 40 kwa 40, na pamoja na mawe na kioo linapita kilo 200.

Dawa ya bei nafuu ni feni ndogo mbili zinazopuliza juu ya maji, kifuniko cha kioo kikiwa kimeondolewa. Hesabu yake ni ileile ya mtungi wa udongo wa bibi zetu. Tangi langu, ukitoa nafasi ya mawe, lina maji lita 130. Lita 1 ikigeuka mvuke inaondoka na joto ambalo lingeyapandisha maji yote hayo zaidi ya nyuzi 4. Hizo nyuzi zote hutaziona, kwa sababu chumba na taa zinarudisha joto muda wote, lakini mimi napata pungufu ya nyuzi 2 hadi 3. Wakati wa kaskazi hewa ikilowa unyevu hadi shati linakuganda mgongoni, feni inachoka. Ndiyo maana dirisha la upande wa upepo halifungwi nyumbani kwangu mchana, na mama watoto amezoea vumbi.

Ukiwa na uwezo nunua mashine ya kupoza. Ila ujue kwamba mashine hiyo haiui joto, inalihamisha tu. Nimeitwa mara nyingi na watu wanaolalamika mashine haizimi, nikaikuta ndani ya kabati chini ya tangi, inavuta hewa yake yenyewe ya moto. Itoe nje ya kabati, ikiwezekana mgongo wake uelekee dirishani.

Sasa aibu yangu. Mwaka wa kwanza niliona haina haja fundi wa friji kununua mashine ya kupoza. Nilichukua friji bovu, nikakunja mrija wa shaba, nikauzamisha ndani ya tangi na kuusukumia gesi. Ulipoza vizuri mno, nilimwita hadi kijana wangu wa kazi aje aone. Siku ya nne konokono walikuwa wamelala chali, kamba wawili wamekufa, na tumbawe langu limejikunja kama ngumi. Shaba kwenye maji ya chumvi inayeyuka kidogokidogo, na kiasi kidogo sana kinawaua viumbe wasio na uti wa mgongo. Mashine za kweli hutumia mrija wa titaniamu. Nililiokoa lile tumbawe kwenye ndoo ya maji mapya, lakini mawe yote niliyatupa, kwa sababu yanainywa shaba na kuitema polepole. Kwa hiyo shaba isiguse maji yako popote, awe ni mrija, sarafu ya mtoto au dawa ya samaki. Dawa nyingi za ugonjwa wa samaki zina shaba, soma karatasi yake.

Maji: bahari iko pale, nami nanunua chumvi

Jirani yangu ni mzee mvuvi. Siku aliponiona na mfuko wa chumvi ya tangi alinitazama muda mrefu. "Mwanangu, unanunua bahari?" Nilimwamkia, nikamwambia ndiyo mzee, nainunua.

Nilitumia maji ya bahari miaka miwili. Yakichotwa mahali safi, maji ya bamvua yakiwa yamejaa, siku za kiangazi, yanafaa. Tatizo ni hiyo "mahali safi". Sisi tumezungukwa na Mkondo wa Tudor na Kilindini, maji taka upande mmoja, meli upande mwingine. Mvua za mwaka zikianza, maji ya ufukweni hupungua chumvi na kubeba matope. Na ndoo ya bahari ina vijidudu hai ambavyo vikikaa kwenye joto njiani vinakufa na kuoza. Nilipiga hesabu ya mafuta ya pikipiki na wasiwasi, nikahamia kwenye chumvi maalumu ya matangi ya matumbawe.

Isije ikawa chumvi ya jikoni. Ile ya mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hutokana na bahari kweli, lakini ikishagandishwa na kusafishwa karibu yote ni chumvi tupu. Kalsiamu na magnesiamu nyingi zimebaki kwenye maji yaliyomwagwa. Tumbawe halitaishi ndani yake.

Chumvi ya tangi huchanganywa kiasi cha gramu 36 kwa lita, ukoroge kwa pampu usiku kucha, halafu upime. Unataka 35 kwa elfu, ambayo kwenye rifraktomita, yaani kile kifaa cha kuchungulia kinachopima chumvi kwa mwanga, husomeka 1.026. Usiamini kile kipimo cha plastiki chenye mkono unaoelea, chumvi ikikigandia kinadanganya.

Maji ya kuchanganyia ndiyo yanayowashinda wengi hapa. Maji ya kisima ya Kisauni yana chumvi yake tayari na mengine usiyoyajua. Ya mfereji yana klorini, na yanakuja yakitaka. Ya mkokoteni usiulize yametoka wapi. Nenda kwenye duka la maji ya kuchujwa kwa RO, yaani kwa utando unaozuia chumvi, lakini nenda na kipimo cha mkononi cha vitu vilivyoyeyuka. Ni kidogo kama kalamu. Unataka kisome chini ya 10. Duka la kwanza nililokwenda kilisoma 60, kwa sababu huwa wanarudisha madini ili maji yawe na ladha. Hawakukosea, wao wanauza maji ya kunywa. Nilimwomba kijana anikingie kabla ya hatua ya madini, akacheka, akanipa.

Halafu kumbuka feni. Maji yanapogeuka mvuke chumvi haiendi popote. Tangi langu hupoteza lita 3 kwa siku wakati wa joto. Ukisafiri siku tatu bila kuongeza, lita 9 zimekwenda, na chumvi imepanda kutoka 35 hadi zaidi ya 37. Tumbawe litajikunja na wewe utaanza kulaumu taa. Weka alama ya kalamu kwenye kioo, na kila siku ujaze hadi hapo kwa maji matamu ya RO, si ya chumvi. Hili nimelieleza mara nyingi, na bado mtu ananipigia simu ameongeza maji ya chumvi mwezi mzima.

Kuliandaa tangi

Mawe msichukue baharini. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ipo tangu mwaka 1986, na ndani yake hung'oi kitu, awe hai au mfu. Matumbawe magumu ya aina zote yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, yaani hata kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Mimi nilitumia mawe ya machimbo, haya ya matumbawe ya kale yanayojengea nyumba zetu tangu Mji wa Kale. Niliyapasua, nikayasugua, nikayaloweka miezi miwili nikibadilisha maji, nikapima fosfeti, kirutubisho kinacholisha mwani, hadi ikatulia.

Weka mawe, maji na pampu, kisha tupia kamba mmoja mbichi wa sokoni uoze humo. Amonia itapanda, baadaye bakteria watazaliwa waile waifanye naitriti, wengine waifanye naitreti. Inachukua wiki 4 hadi 6. Amonia na naitriti zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, tangi liko tayari. Nunua vipimo, usipime kwa macho: maji ya sumu na maji mazuri yanafanana kabisa.

Huku ukingoja, shughulikia umeme. Hapa naongea kama fundi. Kila waya unaotoka kwenye tangi ushuke chini ya soketi, ufanye tumbo, kisha ndipo upande kuingia. Maji yakiteremka na waya yatadondokea kwenye tumbo hilo badala ya kuingia kwenye soketi. Soketi ziwe ukutani, ubavuni mwa tangi, kamwe zisiwe sakafuni chini yake. Na funga ile swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Chumvi hutambaa juu ya waya kama siafu, uifute kila wiki kwa kitambaa chenye maji matamu, umeme ukiwa umezimwa.

Nianze na lipi?

Anza na matumbawe-uyoga, wale wa jamii ya Discosoma. Ni bapa, wekundu au wa buluu au wenye madoa, wanapenda mwanga mdogo na maji matulivu, na wanasamehe. Uweke chini kabisa ya tangi.

La pili ni tumbawe-ngozi, Sarcophyton, ndilo lililokuwa kwenye ndoo yangu. Lina shina na kichwa kama uyoga mkubwa wenye nywele. Litakutisha. Kila baada ya muda linafunga nywele zake, linang'aa kama limepakwa nta, na linakaa hivyo siku kadhaa, pengine wiki. Mara ya kwanza nililia, kusema kweli. Linajichubua tu, linavua ngozi pamoja na uchafu na mwani uliolipanda. Liongezee mkondo wa maji, usiliguse. Likifa kweli pua itakwambia: linanuka samaki aliyeoza na nyama inamomonyoka.

Lipo pia linaloitwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani "mti wa Kenya", Capnella. Nilipolisoma jina hilo nilicheka peke yangu karakanani. Linaangusha matawi lenyewe, na kila tawi likitua linakuwa mti. Ni rahisi kupita kiasi. Xenia, lile linalofumba na kufumbua mikono kama mtu anayeita, linapendwa na watoto lakini linatambaa juu ya kila kitu. Liweke kwenye jiwe la peke yake, mbali na mengine.

Zoanthidi sikushauri, na nitasema kwa nini. Ni wanyama wadogo kama maua, wazuri ajabu, wanauzwa kwa rangi. Baadhi yao, hasa ndugu zao Palythoa, wana sumu ya palitoksini, iliyotolewa kwa mara ya kwanza kwenye viumbe hao huko Hawaii mwaka 1971, na haina dawa yake maalumu. Mimi nilikuwa na jiwe lililojaa hao. Nikataka kulisafisha, nikaliweka kwenye beseni bafuni na kulimiminia maji ya moto ya birika, dirisha limefungwa. Jioni mdomo ulikuwa na ladha ya chuma, kifua kinabana, mwili unatetemeka. Nyumbani wote tukasema malaria. Kipimo kikasema si malaria. Daktari akaniuliza nilishika nini siku ile, na hapo ndipo nilipokumbuka. Nililala hospitali siku mbili.

Basi: jiwe lenye zoanthidi halichemshwi, halimiminiwi maji ya moto, halisuguliwi kwa brashi kavu, halikatwi kwa mashine. Glavu na miwani ya kinga kila ukishika, hasa ukiwa na jeraha. Na ukiugua baada ya kushika tangi, mwambie daktari kabla hajakuuliza, maana hapa kwetu kila homa ni malaria hadi ithibitishwe vingine. Nyumba yenye watoto wadogo mimi sizipeleki kabisa.

Vipande nunua au omba kwa mfugaji mwenzako. Kikifika, acha mfuko wake uelee tangini dakika 15 joto lilingane, kisha ongeza maji ya tangi lako kidogokidogo kwa nusu saa. Kichovye kwenye dawa ya iodini ya matumbawe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kitikise, utazame kinachodondoka. Mimi nimeona minyoo bapa na konokono wasio na gamba wakianguka kama makapi. Maji ya mfuko yamwage chooni, yasiingie tangini.

Kila wiki

Taa za LED zenye buluu nyingi, saa 8 kwa siku, uanze na nusu ya nguvu na kuongeza kwa wiki tatu au nne. Tumbawe likirefuka shingo linatafuta mwanga, likisinyaa na kupauka umezidisha. Mkondo wa maji uwe wa kuyumba, nywele zicheze bila kulazwa upande mmoja.

Badilisha lita 13 kila Jumamosi. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, iwe 8 au 9 kwa kipimo cha dKH; naitreti miligramu 5 hadi 20 kwa lita, fosfeti isipite sana 0.1. Wasioambiwa hujaribu kuifanya naitreti sifuri, na matumbawe laini hayapendi maji yaliyosafishwa hadi yakawa matupu. Mchubuo wa matumbawe-ngozi humwaga kemikali za kupigana na majirani, kwa hiyo weka mfuko wa mkaa maalumu wa kuchujia na uubadilishe kila mwezi. Usinichekeshe na makaa ya jikoni. Kuna mtu alijaribu.

Stima ikipotea, na itapotea, kitakachoua kwanza ni ukosefu wa hewa: pampu zimesimama, samaki na matumbawe wanaendelea kupumua. Kuwa na pampu ya hewa ya betri, ya bei ndogo, na uijaribu kila mwezi. Kwa joto, mimi huweka chupa za maji za lita 1 na nusu kwenye friza, zimefungwa vizuri. Chupa moja ikielea ndani ya tangi langu hadi iyeyuke yote hushusha karibu nyuzi 1. Moja kwa saa, usizidishe. Usitie barafu yenyewe majini.

Tumbawe likikua, likate. Zima pampu, vaa glavu, chukua wembe mpya, ukate kipande cha kichwa cha tumbawe-ngozi kwa mkato mmoja. Supaglu haishiki, kwa ule ute wake. Kitoboe kwa kijiti cha meno ukifunge kwa raba kwenye kijiwe, usikaze. Uyoga nao unakatwa vipande vinne kupitia mdomoni, unatiwa kwenye kikombe chenye changarawe, na juu kifunikwe kitambaa cha chandarua kisafi kisicho na dawa, kwa sababu chandarua cha dawa kinaua kamba. Wiki tatu vitakuwa vimeshika. Vikizidi, wape watu, au viache vikauke juani na uvitie kwenye taka. Yule mteja wa Nyali alikuwa sahihi: Unomia, ndugu ya Xenia, iliyotoka kwenye matangi ikaingia bahari ya Venezuela, imefunika miamba yao hadi leo wanaing'oa.